Hackintosh yako hailali? Acha kusingizia joto la Tanga

"Fundi, mashine inagoma kulala, ni hili joto letu, niongezee feni mbili."

Nimeisikia tena juzi, na ndani ya mwezi huu ni mtu wa tatu, na wote wanaisema kwa uhakika kama vile wamepima. Huyu wa juzi ni kaka mwenye studio yake Makorora, anarekodi kaswida na taarabu kwenye Logic Pro (programu ya Apple ya kurekodi), mashine ni Hackintosh, yaani PC ya kawaida inayoendesha macOS ya Apple, kaiunga mwenyewe, prosesa i7 8700, madabodi ya Z390, kadi ya picha RX 580, RAM gigi 32, mashine nzuri tu haina shida. Alishanunua feni nne kabla hajaniletea. Nne! Keisi imejaa feni mpaka nyaya hazina pa kupita, na bado usiku wa manane inaamka yenyewe, skrini inawaka chumba kizima, mtoto analia.

Jamani, joto haliamshi kompyuta. Hebu tulielewe hili leo, maana nimechoka kuona watu wanamwaga hela kwenye feni.

Ikilala kweli kweli, yaani ile hali ya usingizi iitwayo S3, prosesa haina umeme, kadi ya picha haina umeme, diski imezimwa, feni zimesimama. Kinachobaki na umeme ni RAM na sehemu ndogo za bodi zinazosubiri kuamshwa, wati chache tu. Sasa kitu kilichozimwa kinapata wapi joto la kujiamsha? Na hata ikiwa macho, joto likizidi prosesa inapunguza kasi yenyewe, likizidi zaidi ya hapo mashine inajizima pwaa, bila kuaga. Hizo ndo kazi za joto: kupunguza kasi na kuzima. Kuamsha si kazi yake.

Kwa nini watu wanaamini basi? Mi nadhani najua. Jamaa mwingine, wa Chumbageni, aliniapia kuwa feni mpya ilimponyeshea mashine, ikalala siku mbili mfululizo bila kuamka. Nikamuuliza siku ile unafunga feni ulichomoa nini? Akafikiria weee, alafu akasema alichomoa nyaya zote za nyuma ili ailaze mezani, na kile kidude cha kibodi isiyo na waya hakukirudisha mpaka siku ya tatu. Siku ya tatu ndo ikaanza tena kuamka. Feni ikapewa sifa, mchawi alikuwa kidude cha USB.

USB ndo mahali pa kuanzia. Si feni, si pesti ya prosesa, si kiyoyozi. Ukinikuta kijiweni Ngamiani na hili tatizo swali langu la kwanza litakuwa moja tu, umechora ramani ya poti zako, yaani umeiambia macOS tundu gani la USB ni lipi? Na tisa kati ya kumi wananitolea macho.

Iko hivi. Tangu toleo la El Capitan la mwaka 2015, macOS inakubali poti 15 tu kwa kila kontrola ya USB, ile chipu inayoongoza matundu. Utasema 15 nyingi, mbona keisi yangu ina matundu kumi tu, lakini kila tundu la USB 3 linahesabiwa mara mbili, kuna njia ya USB 2 ambayo utaiona imeandikwa HS na kuna njia ya USB 3 imeandikwa SS, na bodi ya Z390 kama ya huyu kaka ina HS 14 na SS 10, hapo tayari 24. Zinazozidi macOS haizioni. Zamani watu walikuwa wanawasha ile XhciPortLimit (ya kuondoa kikomo hicho) kwenye OpenCore, programu inayoiwasha macOS kwenye PC, wanaendelea na maisha, ila kuanzia macOS 11.3 haifanyi kazi tena, na ndo maana unasikia mtu anasema "ilikuwa inalala vizuri nikasasisha ikaharibika". Haikuharibika, ilikuwa imeegemezwa kwenye kijiti na kijiti kimetolewa.

Sasa kabla ya kulala macOS inaviambia vifaa vyote vya USB vitulie. Poti ambayo haijaelezwa vizuri haitulii. Na kubwa kuliko zote ni Bluetooth ya ndani, maana ile kadi iko ndani ya bodi lakini data zake zinapita kwenye njia ya USB, na kama kwenye ramani imeandikwa 0 au 3, yaani tundu la kawaida la nje, mfumo unaichukulia kama kitu cha kuchomeka na kuchomoa. Iandike 255, maana yake kiko ndani, hakichomoki. Namba hiyo moja peke yake nimeona ikimaliza kesi za miezi.

Na namna ya kuchora ramani haihitaji ufundi wa ajabu, inahitaji subira ya nusu saa. Chukua flashi moja ya USB 2 na nyingine ya USB 3, karatasi, kalamu, na ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Chomeka ya USB 2 tundu la kwanza, tazama kwenye programu (Hackintool, au USBToolBox ukiwa upande wa Windows, mi naipenda hii ya pili) ni HS ngapi imewaka, andika. Chomeka ya USB 3 tundu hilohilo, ni SS ngapi, andika, bandika tepu. Nenda tundu la pili. Usiruke ya mbele ya keisi, watu wanairuka kila siku. Ukimaliza chagua 15 unazozitumia kweli, zilizobaki toa, tengeneza kexti (faili la dereva la macOS) yenye ramani hiyo, washa upya. Hiyo karatasi usiitupe! Ibandike kwa ndani ya mfuniko wa keisi, utanishukuru siku ukibadilisha bodi au ukihama toleo.

Kwa kaka wa Makorora kabla sijagusa kitu nilifungua Terminal nikasoma logi, pmset -g log, nikachuja mistari ya kuamka. Usiku mmoja tu, mara saba, na kila mstari sababu ni XHC. XHC ndo kontrola ya USB yenyewe, imejitaja kwa jina. Nikamgeuzia skrini asome mwenyewe. Hakuna hata mstari mmoja uliotaja joto. Tukachora ramani, Bluetooth ikawa 255, ikalala, ila ikawa inaamka sekunde mbili baada ya feni kusimama.

Hiyo nayo ina dalili yake na dawa yake tofauti. Feni zinasimama, unahesabu moja, mbili, zinarudi. Hapo ni bodi yenyewe inaruhusu vifaa viamshe mashine kwa namna macOS isiyoielewa, na dawa ni SSDT-GPRW (faili dogo linalorekebisha maelezo ya bodi kwa macOS) pamoja na ile pachi yake ya kubadili jina. Fungua DSDT yako (maelezo ya bodi yenyewe) kwanza uangalie bodi inatumia GPRW au UPRW, usibandike zote mbili kwa kubahatisha. Ujue pia kuwa baada ya hapo kibodi na mausi haviamshi tena, utaamsha kwa kitufe cha pawa. Mtu asirudi kwangu kusema nimemharibia kibodi.

Na kuna wale ambao mashine haijalala kabisa, skrini tu ndo imezima. Weka mkono nyuma ya keisi. Upepo unatoka? Haijalala. Andika pmset -g assertions itakuambia nani ameishikilia, na kwa watu wa studio mara nyingi ni coreaudiod, yaani mradi uko wazi na kadi ya sauti inafanya kazi. Funga mradi. Ndo hivo tu.

Haya mengine nitayapitisha haraka.

Wanaosema "nilichukua EFI ya mtu, bodi zetu karibu sawa". EFI ni folda yenye mipangilio yote ya kuwashia Hackintosh, na hakuna karibu sawa. Ramani ya USB ya bodi nyingine ni ya bodi nyingine, hata kama namba imetofautiana herufi moja. Na mkichukua EFI pamoja na seriali namba yake mnagombania iMessage na huyo mtu. Soma mwongozo wa Dortania wa OpenCore, jenga yako, alafu weka kopi ya ile inayofanya kazi kwenye flashi pembeni kabla ya kugusa chochote. Mi flashi hiyo naifunga uzi mwekundu na haitumiki kwa kazi nyingine yoyote, hata mtu akiniomba anakilie nyimbo simpi. Na ile darkwake=8 au 10 mnayobandika kwenye boot-args (amri za kuwashia) kwa sababu mmeiona kwa mtu, kama huwezi kuniambia inafanya nini, itoe.

"Nitaweka Macs Fan Control nipangie feni." Hapana bwana. Kwenye iMac halisi kuna chipu ya Apple, SMC, inayoshika feni. Kwako kuna VirtualSMC, ni programu inayoigiza, na SMCSuperIO inasoma mizunguko tu, haiamuru feni. Feni zako zinaendeshwa na bodi, kwa hiyo ingia BIOS (mipangilio ya bodi) upange kule, na utakachopanga kitafanya kazi macOS iwepo isiwepo. Ukiwa huko angalia jambo moja, feni ya pini 3 ikiwekwa kwenye soketi iliyopangwa PWM (ya feni za pini 4) itakimbia kasi yote muda wote, ibadilishe iwe DC (ya kubadili volti). Watu wangapi wameniletea mashine inavuma kama jenereta na dawa ilikuwa hiyo.

"Nimefungua ubavu wa keisi ipate hewa." Hapa Tanga? Njoo nikuonyeshe bodi niliyotoa nyumba moja ya Raskazone, karibu na bahari, ubavu wazi mwaka mzima: skrubu zimeota kutu, pini za soketi ya feni zina ukijani, na kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) vumbi limeshikana na unyevu wa chumvi limekuwa kama kipande cha blanketi, nililibandua zima zima kwa kibano. Hewa inatakiwa iingie mbele itoke nyuma na juu, ikipita kwenye prosesa njiani. Ukifungua ubavu umeivunja njia hiyo na umewakaribisha mende. Funga ubavu, weka chujio mbele, safisha kwa blowa kila baada ya miezi miwili, na feni ishikilie kwa kidole wakati unapuliza isizunguke ovyo.

"Inafika 80, inaungua!" Haiungui. Hiyo 8700 kikomo chake ni 100. Na feni haiwezi kupooza kitu kikawa chini ya joto la chumba, kwa hiyo ukiona mtu wa Ulaya anasema yake inacheza 68 kwenye chumba cha nyuzi 20, wewe msimu wa kaskazi chumba chako kiko 32, ongeza hizo 12, unapata 80 na hitisinki ni ileile. Kinachonitia wasiwasi mimi ni mashine iliyokaa bure, hakuna programu, na iko 65. Hapo angalia kama prosesa inashuka kasi ikiwa haina kazi. Kama imeganda kwenye kasi ya juu, SSDT-PLUG, faili linaloiwezesha macOS kupanga kasi ya prosesa, haipo (kwenye matoleo ya Mojave na Catalina hiyo ni lazima) au umechagua SMBIOS (modeli ya Mac unayoiigiza) isiyoendana, kizazi cha 8 na 9 weka iMac19,1, cha 10 weka iMac20,1. Angalia pia BIOS kama bodi haijaondoa kikomo cha wati, bodi nyingi zinakuja hivo toka dukani, na i5 10400 iliyoandikwa wati 65 inakula zaidi ya hizo.

Pesti, kiasi cha punje ya kunde, inatosha, na haibadilishwi kila mwezi. Na ondoeni ile nailoni chini ya hitisinki mpya, bado naikuta.

Feni za RX zikisimama hazijafa. Kadi nyingi za RX zinasimamisha feni zikiwa na joto dogo, zinaanza zikifanya kazi. Fungua video nzito kwenye Final Cut uzitazame.

La mwisho linaniuma kwa sababu limemkuta dada mmoja anayehariri video za harusi. Aliamini mashine ikilala kazi yake iko salama. Kwenye desktopu macOS inalala kwa hibernatemode 0, maana yake kila kitu kiko kwenye RAM, hakuna kopi kwenye diski. Umeme ukikatika usiku, imekwisha. Alipoteza kazi ya siku nzima. Na kuhamia hibernatemode 25, inayoandika RAM kwenye diski, kwenye Hackintosh ni safari nyingine ya kuongeza kexti ya HibernationFixup na kuhangaika na saa ya bodi (RTC), simshauri mtu mwenye wateja. Sevu kabla hujailaza, na weka UPS, tena hela ya UPS ndo ile mnayonunulia feni.

Kaka wa Makorora nimemwachia feni mbili, moja mbele moja nyuma, zile nyingine nimezitoa nimemwekea kwenye boksi lake. Mashine sasa inalala. Jana asubuhi amenitumia picha ya logi, mstari wa kulala saa tano usiku, na unaofuata wa kuamka ni saa mbili kasoro, kitufe cha pawa.