Je, wajua kwa nini pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume?

Jumamosi moja hapa Busia, upande wa Uganda, nilipanda juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, nikaruka kidogo, na pedali ya kushoto ya baiskeli yangu haikutikisika. Fundi wa kona, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinitazama kwanza, kisha akanihurumia. "Mzee, hiyo hufungui. Unaikaza." Akaigeuza spana upande wa pili, akaigonga nyundo mara moja, pedali ikaachia.

Mji huu ndio uliozaa boda boda miaka ya 1960, wakati zilikuwa baiskeli za kuvusha watu kutoka boda moja hadi nyingine, kabla pikipiki hazijalinyakua jina. Kukaa hapa bila kujua kufungua pedali ni aibu, nikaona heri niulize.

Pedali ya kulia ina hesi ya kawaida, ile ambayo mafundi wanaiita thredi: unakaza kwa kufuata mwendo wa saa, unalegeza kwa kurudi kinyume. Ya kushoto imechongwa kinyume chake. Sababu yake ni mguu wako mwenyewe. Ukiendesha, mkono wa pedali unazunguka, lakini uzito wako unagandamiza kuelekea chini muda wote. Kwa hiyo ekseli ya pedali, yaani chuma chake cha katikati, pale ilipoingia kwenye tundu lake, inabanwa upande huu, halafu upande unaofuata, mpaka mduara ukamilike. Na hesi hata ukaze vipi, huacha mwanya mdogo sana. Ndani ya mwanya huo ekseli inajiviringisha polepole, kinyume cha upande ambao mbano unazunguka.

Usiniamini tu. Kunja ngumi iliyolegea, pitisha penseli katikati, uitie alama ya wino ubavuni. Kisha sukuma ncha yake kwa kidole, uizungushe kama mtu anayekoroga uji. Tazama ile alama: ncha inakwenda upande mmoja, penseli yenyewe inajizungusha upande mwingine. Kwa hesi kuchongwa hivyo, kulia ya kawaida na kushoto ya kinyume, kila kilomita unayokwenda inazikaza pedali zote mbili badala ya kuzifungua. Ndiyo maana yangu, baada ya miaka ya kubeba matoke na jerikani za maji, ilikuwa kama imechomelewa.

Lakini kuna jambo la kuchekesha. Gololi zilizo ndani ya pedali nazo zinaivuta ekseli, na zinaivuta upande wa kufungua. Zikiwa na grisi mvuto huo ni mdogo, haufui dafu. Zikikauka, zikaingia vumbi la murramu na kushikana, mambo yanageuka: pedali inaweza kujifungua yenyewe ukiwa njiani. Pedali inayotoka mara kwa mara, kabla ya kuilaumu hesi, izungushe kwa mkono usikie kama inakwaruza.

Sasa, karakana ya nyumbani inahitaji nini kwa kazi hii? Spana bapa namba 15, nyembamba na yenye mpini mrefu. Namba hiyo hiyo kwa kawaida inafungua nati za gurudumu la nyuma, kwa hiyo ukiwa na hela ya spana moja, nunua hiyo. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, niliyokuwa nayo mimi inateleza na kula kona za chuma. Baiskeli za mitumba mara nyingi zinataka pia funguo za alen, zile za pembe sita, hasa namba 4, 5 na 6. Pedali nyingine hufunguliwa kwa alen kutoka upande wa ndani. Ongeza nyundo na kipande cha mbao kwa ajili ya kotapini (pini inayoshika mkono wa pedali), praisi ya kutolea klipu ya mnyororo, pampu, viraka na gundi yake, na beseni la maji la kutafutia pancha. Tairi litoe kwa vyuma vyake maalumu. Bisibisi inafanya kazi hiyo, naam, na inatoboa tyubu mpya pia.

Oili ya injini iliyotumika, ambayo wengi wetu tunaimimina kwenye mnyororo kwa sababu ni ya bure, inanasa mchanga na kugeuka msasa. Oili safi kidogo, kisha ufute kwa kitambaa mpaka mnyororo uonekane kama mkavu.

Kukumbuka upande wa kufungua, fundi alinipa njia isiyohitaji saa. Simamisha spana iangalie juu, halafu ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Kulia au kushoto, nje au ndani kwa alen, ni vilevile: nyuma ni kufungua, mbele ni kukaza.

Kurudisha nako kuna namna yake. Paka grisi kwenye hesi, anza kwa vidole vitupu, spana iwe bado mfukoni. Ikigoma kwenye mzunguko wa kwanza, acha. Tazama mwisho wa ekseli, pamechongwa L au R: L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Mimi nilikuwa nimezibadilisha, na kijana alikuwa ameshaanza kucheka tena.