Kukaribishwa kwa bashasha si dalili ya kanisa salama

Wengi waliotoka kwenye kanisa lililowabana hudhani kwamba jipya likiwapokea kwa bashasha, wamefika. Sivyo. Makanisa yanayotawala watu nayo huanza kwa upendo mwingi. Masharti huja ukishazoea. Hudhuria majuma kadhaa bila kujaza fomu ya ushirika wala kuahidi zaka. Kuchunguza si kukosa imani: Waberoya, watu wa mji wa Beroya katika Biblia, walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko waone kama waliyofundishwa ni kweli (Matendo 17:11). Uliza nani hukagua hesabu, na mchungaji akikosea anawajibishwa na nani. Kisha kataa ombi dogo, tuseme kuhudumu Jumapili ijayo, uone kama “hapana” yako inaheshimiwa au inaitwa uasi. Sikiliza pia wanavyowasema waliohama. Wakiitwa waliolaaniwa, ondoka mapema.