Acheni Kuniambia "Karatasi Imepiga Njano"

Ujumbe umeingia tena. Picha moja ya kijitabu, imepigwa usiku juu ya kapeti, na chini yake maneno: "Mkuu, hii orijino ya miaka ya thelathini, cheki karatasi ilivyopiga njano." Hakuna picha ya mkunjo wala ya pini zinazobana kurasa, na ndani hakuonekani. Njano tu. Na aliyetuma, kama kawaida, ameshalipa.

Basi naandika hapa mara moja, mwingine akija nimtumie kiungo nirudi kwenye kazi yangu.

Kwa anayeingia leo: nazungumzia vile vijitabu vya katuni za kikubwa vya kurasa nane, ambavyo Wamarekani huviita Tijuana bibles. Vilichapwa kwa kificho kuanzia miaka ya 1920 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vilivuma hasa wakati wa ule mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Viliuzwa chini ya meza kwenye vinyozi, maduka ya tumbaku na vijiwe vya pool. Vinaingia kiganjani, vingi vimelala kwa upana, vina jalada jepesi la rangi na ndani wino mweusi kwenye karatasi ya bei poa. Vipo vya kurasa 16 na 32 pia, ila vichache zaidi. Yaliyomo sielezi. Watu wazima mnajua, na asiyejua atakisia. Niseme tu kwamba zaidi ya uchafu mnaoutarajia, mna dhihaka za kibaguzi dhidi ya watu weusi, Wachina, Wayahudi na wengineo, na anayekusanya bila kulijua hilo atashtuka akifungua boksi.

Havikutoka Tijuana. Hili nalimaliza haraka. Havikutoka Mexico, uliko mji huo, wala Havana, wala London, hata kama jalada linasema hivyo. Tangu 1873 Marekani ilikuwa na Sheria ya Comstock iliyofanya kupeleka machapisho ya aina hii kwa posta kuwa kosa la jinai. Nani angechapa anwani yake ya kweli? Jina la mchapishaji kwenye jalada ni utani, na mara nyingine limekosewa hata tahajia. Muuzaji akikuambia "hii adimu, ni toleo la Cuba", mshukuru, aga, ondoka.

Sasa njano.

Karatasi ya bei rahisi hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na mbao zina lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hubadilika rangi. Ongeza asidi iliyowekwa kiwandani wakati wa kutengeneza karatasi, na hapo hata miaka haihitajiki. Chukua gazeti la leo, liache kwenye dashibodi ya gari juani, uje uliangalie baada ya siku chache. Ndiyo, litakuwa njano. Je, limekuwa la mwaka 1932? Nimewahi kushika kijitabu halisi cha kabla ya vita, kimeishi maisha yake yote gizani ndani ya boksi la sigara, karatasi bado nyeupe kwa mbali, na pembeni yake nakala ya miaka ya 1970 iliyokaa darini ikawa kama chapati. Mteja alitaka ile ya chapati.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni njano hiyo imeingilia wapi. Karatasi inayozeeka yenyewe huanzia pembeni, kule hewa inakopita, halafu rangi inaingia ndani taratibu na kufifia kadiri inavyokaribia mkunjo. Ukikifungua katikati, kule ndani kabisa kwenye mkunjo panatakiwa pawe na rangi nyepesi kuliko kingo. Iliyochovywa chai haina mpangilio huo. Rangi imesambaa sawasawa ukurasa mzima, au imejikusanya kwenye mkunjo, maana maji hutuama penye bonde, na ikikauka inaacha ukingo wenye rangi nzito kuzunguka doa. Na karatasi yenyewe imepoteza ule ulaini wa kiwandani. Imekuwa na mawimbi. Wajanja siku hizi hawachovyi, wanaoka kwenye oveni. Hapo kingo huwa kavu mno, zinakatika kama bisi, huku pini inang'aa kana kwamba imetoka dukani asubuhi ile.

Pini, jamani. Angalieni pini. Pini ya zamani ikishika kutu, kutu hiyo inahamia kwenye karatasi, na doa lake hufuata umbo la pini upande wa nje na miguu yake upande wa ndani. Pini yenye kutu kwenye karatasi isiyo na doa imehamishwa kutoka kitu kingine. Doa la kutu pasipo pini yenye kutu, mtu amebadilisha pini. Hilo peke yake si uhalifu, ila uambiwe. Matundu manne mahali panapohitaji mawili, uliza. Na usiichomoe ili "kuhakikisha". Kila mwaka kuna mtu anaichomoa.

Taa ya UV, yaani ya miali ya urujuani, inasaidia, na ndiyo inayopotosha watu kuliko kitu kingine baada ya njano. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa dawa za kung'arisha, ambazo chini ya taa ile hutoa mwanga wa bluu mkali. Kijitabu kinachodaiwa kuwa cha 1935 kikiwaka bluu hivyo, mjadala umeisha. Kisipowaka? Hamna ulichothibitisha. Karatasi mbovu za miaka ya 1970 nyingi nazo hazikutiwa dawa hiyo, na mtu mwenye akili anachana kurasa tupu za mwanzo kutoka vitabu vya kale na kuchapa juu yake. Karatasi hiyo itafaulu kila mtihani, kwa sababu ni ya zamani kweli.

Hapo ndipo unapoacha karatasi na kwenda kwenye wino. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi, kaa karibu na dirisha, utafute mahali ambapo mstari mweusi wa mchoro unapita juu ya mkunjo au ufa. Angalia polepole. Kwenye kijitabu halisi, wino ulikuwepo kwanza, karatasi ikavunjika baadaye. Kwa hiyo wino umevunjika pamoja nayo, na ndani ya ufa unaona nyuzi nyeupe au za kahawia zisizo na wino kabisa. Kwenye karatasi ya zamani iliyochapwa jana, ufa ulikuwepo kwanza. Wino umeshuka ndani ya ufa, umepaka zile nyuzi, na mara nyingine umetambaa pembeni kama miguu ya buibui, kwa sababu karatasi iliyochoka hainyonyi wino kama mpya. Vivyo hivyo kwa madoa: doa la unyevu liko juu ya wino au wino uko juu ya doa? Hilo nalipenda kuliko vipimo vyote, na halihitaji maabara.

Mengine ya wino nayapitia mbio. Printa ya inki inaacha vitone vya rangi vilivyotawanyika hata mahali panapoonekana peusi tupu. Wino wa mashine ya fotokopi unakaa juu ya karatasi, unang'aa ukiinamisha, na unabanduka kwenye mkunjo. Mchoro wa mistari ukiwa umejaa vitone vilivyopangwa safu safu, yaelekea umepigwa kutoka kitabu cha kisasa cha picha. Na vitabu hivyo vipo, kikiwemo kile kikubwa cha Bob Adelman cha 1997 chenye utangulizi wa mchora katuni Art Spiegelman. Na kichekesho ninachokipenda: nakala iliyopigwa picha kutoka kijitabu chakavu huchapa na uchakavu wake. Unakuta kivuli cheusi cha pini kimechapwa, na pini ya kweli iko pembeni yake. Unakuta mkunjo umechorwa kwa wino mahali ambapo karatasi haijakunjwa kamwe.

Kuhusu kukadiria mwaka kwa wahusika: ni njia nzuri, lakini inajibu nusu ya swali. Popeye, yule baharia wa katuni, alitokea kwa mara ya kwanza gazetini Januari 1929, na Betty Boop wa filamu za katuni akaja 1930. Kijitabu chenye Popeye hakiwezi kuwa cha 1926, sawa. John Dillinger, jambazi wa benki aliyeuawa na maafisa wa serikali kuu ya Marekani hapa Chicago Julai 1934, naye aliingizwa humo, na aliyekichapa alikuwa anauza jina lililokuwa mdomoni mwa kila mtu. Kuna mfululizo wa vijitabu kuhusu maonyesho ya dunia ya New York, yaliyofunguliwa Aprili 1939. Yote hayo yanakupa mwaka ambao kijitabu hakiwezi kuutangulia. Hakuna kinachomzuia mtu kuchapa Popeye mwaka 1962, na walichapa. Muuzaji akiandika "1934" kwa sababu Dillinger yumo, ametaja mwaka wa habari akauita mwaka wa uchapaji.

Sasa niseme jambo ambalo mabingwa wa mnada hawapendi tuliseme kwa sauti. Mimi sijui "orijino" maana yake nini kwenye vitu hivi, na sidhani kama kuna anayejua. Hivi vijitabu vilikuwa haramia tangu siku ya kwanza. Viliiba wahusika wa magazeti, halafu mchapaji wa mji mwingine akaviiba vilevile, akachora upya mkono ukitetemeka, akabadilisha kichwa cha habari, akakosea maneno, akauza. Miaka kumi baadaye mwingine akaiba ile ya wizi. Hakuna hakimiliki, hakuna tarehe, hakuna daftari la mchapaji lililobaki la kulinganisha. Nikiwa na nakala mbili za kisa kimoja mezani, moja ina mistari mikali na nyingine imejaa wino kwenye vivuli, wengi husema kali ndiyo ya kwanza. Huenda. Lakini mtu aliyepata nakala safi angeweza kutengeneza bamba jipya la kuchapia lililo bora kuliko lile la mwanzo lililochoka, na ushahidi wa kukataa hilo sina. Ndiyo maana nikikutana na orodha ya mnada imeandika "toleo la kwanza" natamani kujua walimuuliza nani.

Mambo ya wachoraji yako vivyo hivyo. Wesley Morse, yule aliyekuja kuchora katuni za Bazooka Joe za kwenye makaratasi ya bigijii miaka ya 1950, anahusishwa na mfululizo wa maonyesho ya 1939 na vingine kadhaa, na mimi mkono wake nauona pale. Ila jina lake sasa linabandikwa kwenye chochote chenye mstari uliotulia, kwa sababu bei inapanda. Wengine tunawajua kwa majina ya kubandikwa tu, kama "Mr. Prolific", aliyepewa jina hilo na mwandishi Donald Gilmore kwenye kitabu chake cha 1971 kuhusu vijitabu hivi. Ni makundi ya mitindo, yametengenezwa na macho ya watu. Nayatumia kila siku, na kila siku kuna kijitabu kinachokataa kuingia kundi lolote.

Kwa hiyo kwenye risiti zangu siandiki mwaka. Naandika "kabla ya 1950, kwa ushahidi wa karatasi na wino", au "nakala ya baadaye", au "siwezi kusema", na hiyo ya tatu nimeiandika kwa vijitabu ambavyo wenzangu wanaviuza kwa uhakika wote. Wateja wengine wanakasirika. Si mali ya kununulia kiwanja hata hivyo; vingi ni vya bei ya kawaida, na anayekuuzia kwa bei ya kiwanja anakuingiza mjini.

Na ninyi mnaouliza kama mnaweza kutumiwa nyumbani: hapana. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 175 cha Tanzania vinahusu machapisho ya aina hii hii, na afisa wa forodha hatajali kwamba ni ya 1938. Mwenye shauku ya kitaaluma na akiwa Marekani, Taasisi ya Kinsey kule Bloomington, Indiana, ina mkusanyiko wake. Andika kwanza, usijitokeze mlangoni.

Ukitaka nikuangalizie chako, nipigie picha hizi kwa mwanga wa dirishani: jalada mbele na nyuma, mkunjo wa katikati kikiwa wazi, pini kwa nje na kwa ndani, na ukurasa mmoja huku mwanga ukipiga kwa ubavu. Weka na rula pembeni. Na maoni yako kuhusu rangi ya karatasi bakia nayo.