Loesi ni nini, na mistari yake myekundu imetoka wapi?

Ukichukua bonge kavu la loesi ukalifikicha kwa vidole, linavunjika kama unga wa muhogo ulioshikana, na rangi yake ya manjano inabaki kwenye mikunjo ya kiganja. Hilo ni vumbi lililoletwa na upepo, likatua, likarundikana kwa maelfu ya miaka. Jina lake limetoka Ujerumani, bonde la Mto Rhine, na mwanajiolojia Karl Cäsar von Leonhard ndiye aliyeliingiza kwenye sayansi miaka ya 1820.

Punje zake nyingi zina upana wa kati ya milimita 0.01 na 0.06. Mchanga ni mzito kuliko hivyo, upepo huuburuta karibu na ardhi tu. Udongo wa mfinyanzi nao hunatana. Vumbi la kipimo hiki ndilo linalopaa na kusafiri mbali. Sehemu kubwa ni madini ya kwatzi, na pamoja nayo kuna madini ya feldispa na ulanga, mfinyanzi kidogo, na chokaa. Mvua huiyeyusha chokaa hiyo na kuishusha, nayo huganda huko chini kuwa vijiwe vyenye vichwa na mabega. Wajerumani huviita watoto wa loesi, Wachina wanavifananisha na tangawizi.

Vumbi lenyewe lilisagwa wapi? Ulaya na Amerika Kaskazini, barafuto kubwa (mito ya barafu) za zama za barafu zilisaga miamba, mito ikautandaza unga huo, upepo ukauzoa. China ya kaskazini, ambako loesi imezidi mita 100 sehemu nyingi, vumbi lilitoka kwenye majangwa na milima ya kaskazini-magharibi. Ndiyo maana punje huzidi kuwa laini kadiri unavyoelekea kusini-mashariki. Wapo waliodhani loesi imeletwa na maji. Mwanajiografia Mjerumani Ferdinand von Richthofen, aliyeizunguka China kati ya 1868 na 1872, aliona loesi imefunika vilima na mabonde vilevile, na makombe ndani yake ni ya konokono wa nchi kavu. Kwangu mimi, hao konokono wanatosha kumaliza ubishi.

Sasa tutazame ukuta wa loesi pale Luochuan, mkoa wa Shaanxi. Ndani ya tabaka moja huoni mistari myembamba kama ya tope la mtoni. Lakini ukutazama ukuta mzima unaona manjano, kisha wekundu, kisha manjano tena, mara nyingi. Manjano ni vipindi vya baridi na ukame, vumbi likianguka kwa wingi. Wekundu ni vipindi vya joto na mvua: vumbi lilipungua, majani yakaota, chuma kilichomo kikapata kutu, na loesi ikageuka udongo wa kawaida. Kisha baridi ikarudi, udongo huo ukafukiwa. Mwanajiolojia wa China Liu Tungsheng na wenzake walitumia miaka mingi kuyasoma matabaka haya.

Ukihesabu kutoka juu hadi tabaka la nane la manjano, punje za madini ya chuma, ambazo hujipanga kama sindano za dira, zinabadili mwelekeo: zilizo juu yake zinafuata kaskazini ya leo, zilizo chini zimeelekea kinyume. Ncha za sumaku za dunia zilibadilishana takribani miaka 780,000 iliyopita. Alama hiyo, na nyingine za zamani zaidi chini yake, ziliwezesha kujua umri wa ukuta mzima. Pale loesi inapokutana na mfinyanzi mwekundu ulio chini kabisa, ni takribani miaka milioni 2.6.