Je, Wajua Kwa Nini Vitabu vya Katuni vya Kale Hunukia Vanila?

Kisogeze puani kitabu cha katuni cha Marekani cha miaka ya 1960. Kinanukia vanila, na nyuma yake kuna siki kidogo. Wakusanyaji wengi huipenda harufu hiyo kuliko hata picha zenyewe, nayo si kingine ila karatasi inayovunjikavunjika taratibu. Anayejua inavyovunjika hujua pia anunue kipi, na akitunze vipi kisimfie mikononi.

Vitabu hivi vilichapwa kwenye karatasi ya magazeti, tena ile ya bei ya chini. Mti wa jamii ya msonobari husagwa kwa mashine bila kupikwa na dawa za kuutakasa, hivyo lignini yake yote hubaki ndani ya karatasi. Lignini ndiyo gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, na katika miti ya aina hiyo hufika robo ya uzito au zaidi. Ikipata hewa na mwanga hubadilika rangi: krimu, kisha njano, kisha kahawia. Katika kubadilika huko huachia kemikali nyepesi zinazopaa, mojawapo vanilini, ileile inayotiwa kwenye aiskrimu. Siki unayoinusa ni asidi ya asetiki.

Rangi peke yake si tatizo kubwa. Kinachoua kitabu ni asidi. Karatasi nyingi za enzi hizo zilitiwa shabu kiwandani, nayo shabu, ikipata unyevu, huzaa asidi inayokatakata minyororo mirefu ya selulosi inayoipa karatasi nguvu. Kila mnyororo unaokatika huongeza asidi nyingine, kwa hiyo uharibifu hujichochea wenyewe. Joto huuharakisha: kwa kanuni ya jumla ya kemia, joto likipanda nyuzi 10, mwendo wake huongezeka takriban mara mbili. Kurasa nazo huanza kugeuka rangi kwenye kingo, mahali hewa na mwanga vinapofika kwanza, na katikati hubaki peupe kwa miaka mingi zaidi. Jalada, kwa kuwa ni karatasi bora iliyopakwa udongo laini wa kung'arisha, huweza kumetameta huku ndani kurasa zimekuwa kavu kama biskuti. Usihukumu kitabu kwa jalada lake. Hapa si methali, ni kemia.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Denver, Colorado. Mkusanyaji mmoja, Edgar Church, alinunua katuni mpya kwa miaka mingi tangu miaka ya 1930 na kuzipanga nyumbani kwake katika marundo marefu. Denver ni mji wa mwinuko wa mita 1,600 hivi, hewa yake kavu. Marundo yalijibana kwa uzito wake, hewa haikupenya. Zilipouzwa mwaka 1977, maelfu kwa maelfu, kurasa zilikuwa nyeupe kana kwamba zimetoka kiwandani jana, na mpaka leo nakala zilizopitia mikononi mwake hulipiwa zaidi ya nyingine.

Nakala za aina hiyo ni chache kwa sababu hakuna aliyekusudia zidumu. Toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lile lililomleta Superman, liliuzwa senti 10. Zilichapwa takriban nakala 200,000. Zinazojulikana leo ni kama 100. Nyingi zilisomwa zikaisha, nyingine zikaingia kwenye ukusanyaji wa karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi Aprili 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Bei hizo ziachie matajiri. Matoleo ya kawaida ya miaka ya 1970 bado hupatikana kwa bei ya mlo, na raha yake ni ileile: matangazo ya vikorokoro vya ajabu, rangi zilizojengwa kwa vidoti, barua za wasomaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz wa kampuni ya katuni ya DC alianza kuchapa anwani kamili za walioandika, nao wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Matoleo mengi yaliyochapwa upya huacha kurasa hizo.

Kabla ya kutoa pesa, fungua katikati na uhesabu. Kitabu cha kurasa 32 ni karatasi 8 zilizokunjwa na kushonwa kwa pini mbili, kwa hiyo majani lazima yawe 8 kila upande wa pini. Karatasi ya katikati ndiyo hupotea zaidi, na hadithi yaweza kuendelea bila wewe kushtuka. Kisha tazama ukurasa wa barua. Kati ya 1974 na 1976 kampuni ya Marvel ilichapa stempu za kukatwa, na watoto wakakata kweli. The Incredible Hulk namba 181, lenye shujaa Wolverine, lilikuwa na stempu namba 54. Nakala iliyokatwa hushuka bei vibaya. Beba rula pia. Mwaka 1974 DC ilirudia Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa, kama sentimita 25 kwa 34. Likivuliwa jalada la nje, mgeni hudanganyika, ilhali la asili lina upana wa sentimita 20 hivi na urefu wa 27.

Pini zenye kutu ni dalili ya unyevu, na kutu hutambaa kwenye karatasi. Kingo zilizonyooka kupita kiasi huenda zimekatwa kuficha uchakavu. Kampuni ya CGC, iliyoanza kutoa alama za ubora mwaka 2000 kwa ngazi ya 0.5 hadi 10, huvipa vitabu vilivyokarabatiwa lebo ya zambarau, na bei yake hushuka. Vitabu vyote vinavyopewa alama hurudi vimefungwa ndani ya plastiki ngumu. Vinafaa kuuzwa, kusomwa, hapana.

Pwani ya Afrika Mashariki ni mahali pagumu. Unyevu hewani Dar es Salaam au Mombasa hupita asilimia 70 mara kwa mara, na ukungu huanza kupata nafasi ukivuka 65. Weka kila kitabu ndani ya mfuko wa polipropilini au, bora zaidi, wa filamu ya poliesta kama Mylar, yenye unene wa milimita 0.05 au 0.1. Usitumie plastiki ya PVC, ikizeeka hutoa asidi. Nyuma ya kitabu weka kadibodi isiyo na asidi, iliyotiwa kalsiamu kaboneti. Zile za bei nafuu hupakwa juu tu, ndani zina asidi yake, kwa hiyo zibadilishe pamoja na mifuko ya polipropilini kila miaka mitano hadi saba. Visimamishe wima ndani ya sanduku lililojaa kiasi cha kutoviruhusu kuinama, mbali na sakafu, ukuta wa nje na dari la mabati. Tia pakiti za silika jeli, uzibadilishe zikishiba maji. Haya yote yahusu pia majarida ya hadithi za picha ya African Film, yale ya mpelelezi Lance Spearman, na jarida la Joe la Nairobi, lililoanza mwaka 1973. Ni karatasi ya aina hiyohiyo.

Kitabu kilicholiwa na wadudu usikipulizie dawa. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukiache nje saa 24 kabla ya kukifungua, la sivyo mvuke utageuka maji juu ya jalada. Na selotepu, hata kwa mpasuko wa nusu sentimita, usibandike kamwe: gundi yake huingia kwenye nyuzi, ikageuka kahawia, na hata fundi huiondoa kwa shida, pengine akachukua wino pamoja nayo.