Mwanakondoo asiyelia naye anaumia

Mfugaji mmoja aliniambia wanakondoo wake hawaisikii ile pete ya mpira ya kukatia mkia, kwa sababu hawalii. Nikamwomba tukae zizini nusu saa, tusiongee, tutazame tu.

Pete hubana mkia mpaka damu isipite. Baada ya wiki kadhaa mkia hukauka na kudondoka. Kwa kuwa damu haimwagiki, wengi huona ni njia ya huruma. Dakika chache tu baada ya kuvishwa pete, mwanakondoo wa kwanza akaanza kupiga mguu wa nyuma chini. Akalala, akainuka, akalala tena. Akageuza shingo kutazama nyuma yake. Sauti hakutoa. Kondoo ni mawindo tangu enzi na enzi, na anayejionyesha mgonjwa ndiye fisi anayemchagua.

Sibezi sababu za kukata. Kondoo wa sufu ndefu kinyesi humgandia mkiani, nzi hutaga hapo, funza wakamla angali hai. Nimewatoa funza hao kwa mikono yangu. Lakini kondoo wetu mwekundu wa Kimasai ana nywele fupi, na mkia wake wa mafuta ndio akiba yake ya kiangazi. Huyo unamkata kwa lipi?

Kwa ng'ombe wa maziwa hoja ni dhaifu zaidi. New Zealand walikata mikia wakiamini inawaambukiza wakamuaji leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa kwa mkojo wa wanyama, na kuchafua kiwele. Watafiti walipolinganisha ng'ombe wenye mikia na waliokatwa, viwele havikutofautiana kwa usafi. Kilichoonekana ni nzi: waliokatwa walijaa nzi nyuma, wakabaki kupigapiga miguu. California ilipitisha marufuku mwaka 2009, New Zealand ikafuata mwaka 2018. Tena mishipa ya fahamu iliyokatwa inaweza kuota vinundu kwenye kisiki, na vinundu hivyo huuma kidonda kikiwa kimepona zamani.

Aliyenifundisha kutazama ni Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayoufanya ubongo upokee mambo kwa namna tofauti. Yeye hufikiri kwa picha, na anaamini wanyama nao ni hivyo. Ng'ombe walipogoma kupita kwenye njia nyembamba, aliingia humo mwenyewe, macho yakiwa kimo cha macho yao, akaona wanachokiona: mnyororo unaning'inia, koti limetundikwa uzioni, maji yanang'aa. Ameeleza pia habari ya farasi aliyeogopa kofia nyeusi tu, kwa sababu siku aliyoumizwa mbele yake palikuwa na kofia nyeusi.

Yule mfugaji alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Daktari, ganzi yenyewe bei gani?" Waliobaki tuliwachoma ganzi kwanza, tukangoja ishike, ndipo pete, pamoja na dawa ya kutuliza maumivu kwa saa ambazo ganzi imekwisha. Mkia tukauacha mrefu wa kufunika uke wa jike. Na aproni yangu ya buluu siku hizi naivaa wakati wa kazi hiyo tu. Nikipita kuwatazama, naiacha kwenye gari.