Diski ya kompyuta ikianza kugonga, usikubali kupigiwa Windows kwanza

Hapa Tabora ukimpelekea fundi kompyuta inayosuasua, iwe mjini kati, Isevya au Ng'ambo, jibu la kwanza mara nyingi ni hilohilo, "hii tunaipiga Windows upya, inakuwa freshi". Na kweli kuna siku inakuwa freshi, kama shida ilikuwa virusi au mtoto kajaza magemu. Ila kama kinachoumwa ni diski yenyewe, ile inayotunza mafaili yako, basi hiyo Windows mpya ndo inayokuzikia kila kitu, mana kuipiga ni kufomati na kuandika upya mzigo mkubwa juu ya diski ambayo tayari iko hoi. Kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa chuoni tunaletewa sana hizi mashine, za walimu, za vijana wa studio za picha, za makarani wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, wanaomalizia hesabu nyumbani usiku, na wengi wanafika wakiwa wameshapigiwa Windows mara moja au mbili, na hapo sasa kinachobaki ni kuokoteza okoteza.

Kwa hiyo shika mpangilio huu: kwanza nakili vitu vyako, halafu ndo mambo ya kutengeneza. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Ndani ya diski ya kawaida, yaani "hard disk" na sio SSD ambayo haina kitu kinachozunguka, kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma kikiwa kimeelea nanomita chache tu kutoka kwenye sahani. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, piga hesabu mwenyewe. Kichwa kikigusa sahani kinakwangua, na ule unga uliokwanguliwa unazunguka humohumo ndani na kukwangua pengine, ndo mana diski inayougua inaharibika zaidi kila dakika unayoiacha imewaka. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani diski mbovu ukiiacha ilivyo itabaki vilevile hadi wapate nafasi.

Dalili zenyewe sio ngumu kuzijua. Sauti ndo ya kwanza: "tk... tk... tk-tk-krrr", kila baada ya sekunde mbili tatu, halafu kimya, halafu inaanza tena, hapo kichwa kinatafuta mahali pa kusoma hakipati kinarudi kujaribu upya. Nyingine ni folda moja tu, mara nyingi ya picha, ukiifungua kaduara kanazunguka hadi unaenda kunywa chai unarudi bado, wakati folda zingine zinafunguka vizuri. Au unakopi faili inafika katikati inasimama. Au Windows kila ikiwaka inataka kukagua diski kabla ya kufunguka. Na ile mbaya kuliko zote, unafungua sehemu ya D ya diski unaletewa ujumbe kwamba lazima uifomati kwanza kabla ya kuitumia. Ujumbe huo ukija bonyeza kukataa! Kompyuta haina nia mbaya, imeshindwa tu kusoma mpangilio wa mafaili, mafaili yenyewe mara nyingi bado yapo palepale.

Ila pia usimsingizie mgonjwa asiyeumwa. Kompyuta kuwa nzito peke yake sio ushahidi, ukiona diski inasoma asilimia 100 kwenye kile kidirisha cha kuonyesha matumizi inaweza kuwa RAM, ile kumbukumbu ya muda, ni ndogo au Windows inajisasisha kimyakimya. Na kwenye desktopu kuna waya wa SATA unaounganisha diski na bodi, haka kawaya kembamba kakilegea au kakizeeka kanaleta makosa yanayofanana kabisa na diski kufa. Pawa saplai iliyochoka nayo inaweza kufanya diski ishindwe kuzunguka vizuri ikagonga. Kubadilisha waya na kuhamishia tundu lingine ni kitu cha dakika chache, fanya hivyo kompyuta ikiwa imezimwa na imechomolewa ukutani.

Umeme nao una lawama yake, japo sio kwa namna watu wanavyosema. Tanesco wakikata ghafla, diski za sasa zinatumia mzunguko uliobaki kwenye sahani kukirudisha kichwa mahali pake salama, kwa hiyo kukatika peke yake kwa kawaida hakukwangui, kinachoharibika ni faili lililokuwa linaandikwa muda huohuo. Hatari zaidi ni pale umeme unaporudi kwa kishindo, na radi za mwezi wa 11 mvua zinapoanza, hapo inaungua bodi ya diski au pawa saplai. Stabilaiza inasaidia umeme ukiwa unapanda na kushuka ila haikupi muda wa kuzima, UPS, ile yenye betri ya akiba, ndo inayokupa zile dakika. Kama huna, chomoa mawingu yakianza kukusanyika, usingoje ngurumo.

Sasa namna ya kuipima. Diski karibu zote zinajiwekea rekodi ya afya inayoitwa SMART, na kuna programu za bure za kuisoma, CrystalDiskInfo kwa Windows au smartmontools kama unatumia Linux badala ya Windows. Ukifungua CrystalDiskInfo utaona rangi, bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya, ila usiishie kwenye rangi, shuka chini kwenye orodha utafute 05, C5, C6 na C7. Namba 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshazikata tamaa ikazihamishia kwenye akiba yake, C5 ni zile zinazosubiri, yaani imeshindwa kuzisoma na haijaamua izifanyeje, C6 ni zilizoshindikana kabisa, na C7 mara nyingi ni ule waya niliousema. Thamani ghafi (Raw Values) inatakiwa iwe sifuri tupu. Na programu hii kwa kawaida inaandika hizo thamani kwa mfumo wa kompyuta wa 16, kwa hiyo ukiona 1F usiseme ni kosa la kuchapa, hiyo ni 31.

C5 ikiwa na kitu na kesho yake imeongezeka, mimi sihitaji kuambiwa zaidi.

Ila sifuri zote pia zisikulaze usingizi. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walitoa utafiti wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa kwenye seva zao, wakakuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye vipimo vinne vya SMART walivyoviona vina nguvu kuliko vingine. Zilikata kamba bila kuaga. Wakakuta pia kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la kusoma kwenye ukaguzi wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo na kosa. Yaani kipimo kikisema mbaya kiamini, kikisema nzuri kiamini nusu.

Haya, dalili umeziona. Kama inagonga zile tk tk, zima, usiiwashe tena "kuhakikisha". Kama haigongi ila inasuasua, tafuta diski nyingine nzima, eksteno au flashi kubwa, na uanze kukopi kwa umuhimu, sio kwa mpangilio wa folda. Hapa ndo watu wanapokosea sana, unakuta mtu anashika C nzima anaivuta kwenye eksteno, inahangaika masaa na muvi na mafaili ya Windows, inafia njiani na hati za kiwanja hazijaguswa. Mwalimu mmoja alikuja na desktopu ya nyumbani, ina alama za kidato cha nne, nikamuuliza, "Mwalimu, humu ndani kitu gani ukikikosa hulali?" Akasema, "Hizo Excel tu kaka, na picha za mazishi ya mama." Basi tukatoa Excel kwanza, ndogo zile zikatoka haraka, halafu picha folda moja moja, muvi hatukuzigusa kabisa. Faili linalogoma liruke, nenda lingine, utalirudia mwisho.

CHKDSK je, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski? Mafundi wanaipenda, na kwenye diski yenye afya iliyovurugika mafaili inasaidia kweli. Kwenye diski inayokufa inailazimisha kusoma kila kona, zikiwemo zile mbovu, na ikikuta mpangilio umeharibika inaweza kukata vitu ikakuachia vipande visivyo na majina. Iendeshe baada ya kutoa mafaili, sio kabla.

Kama sekta mbovu ni nyingi na kukopi kwa kawaida kumegoma, kuna ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ni ya bure, unaiwasha kutoka kwenye flashi yenye Linux. Uzuri wake inachukua kwanza sehemu rahisi, inaruka mbovu, halafu mwisho kabisa ndo inarudi kuzing'ang'ania zile ngumu, na ukiipa faili la ramani inaandika ilipofikia, umeme ukikatika ukirudi inaendelea palepale. Diski ya kupokelea iwe kubwa kuliko mgonjwa, na angalia mara mbili ipi ni ipi, ukizigeuza utaandika utupu juu ya vitu vyako. Ukishapata hiyo nakala, TestDisk na PhotoRec, programu za kurudisha mafaili, unazifanyia kazi kwenye nakala, yule mgonjwa unamuweka pembeni apumzike. Kama hujawahi kuigusa Linux, tafuta mtu anayeijua akae na wewe, na muulize kabla hajaanza atahifadhi wapi, akisema palepale kwenye diski ileile mshukuru uondoke na mashine yako.

Kuna ile ya kuweka diski kwenye friza, aisee, acheni. Ikitoka inapata unyevu, na maji na sahani haviendani. Na kuifungua ili "kuangalia ndani" mezani hapa kwetu na vumbi la kiangazi, chembe moja tu ya vumbi ni kubwa kuliko ile nafasi ya kichwa. Kazi hiyo ni ya maabara zenye chumba kisicho na vumbi, gharama ni kubwa, na ukiamua kuituma Dar isikae kwenye buti la basi katikati ya magunia na ndoo za asali, ifunge kwenye sponji nene ipakatwe na mtu unayemuamini.

SSD yenyewe haigongi wala hailii. Inaweza kupotea tu asubuhi moja, au inakubali kusomwa inakataa kuandikwa, na hiyo ya pili ni bahati, kopi haraka. Kitu kilichofutwa kwenye SSD kwa kawaida hakirudi, mfumo unasafisha nafasi yake wenyewe.

Kuhusu bakapu, nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Eksteno inayoshinda imechomekwa kwenye kompyuta saa 24 radi ikipiga inakwenda nayo, kwa hiyo chomeka, kopi, chomoa, na nyingine mpe dada yako wa Nzega aitunze. Hati na Excel ni nyepesi, akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, bando dogo linatosha kuzipandisha. Video ya harusi ikigoma kuingia kwenye flashi wakati nafasi ipo, flashi iko kwenye FAT32, mpangilio wa mafaili ambao haupokei faili la kufika GB 4, ifomati kwa mpangilio wa exFAT ikiwa tupu.

Na ukienda kununua diski ya kubadilishia, nyingi ni used zilizotolewa kwenye mashine za maofisi ya nje. Omba ichomekwe ufungue CrystalDiskInfo hapohapo dukani, soma 05 na C5, halafu soma masaa iliyowaka. Mwaka mzima bila kuzimwa ni masaa 8,760, kwa hiyo yenye 40,000 na kitu imeshafanya kazi zaidi ya miaka minne mfululizo, hiyo iwe ya kuwekea muvi, alama za wanafunzi na hesabu za chama tafuta mpya.